AFYA NYUMBANI MWETU: Kujifunza Kutembea Baada ya Kukatwa Sehemu ya Mguu



Mwezi huu twataka kunena habari za mtu aliyekatwa sehemu ya mguu, wala si mguu mzima. Pengine amepoteza kidole gumba. Pengine vidole vyote vitano. Pengine nusu ya wayo, lakini kisigino na kifundo vimesalia. Watu wa namna hii si wageni katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wilaya ambazo tangu mwaka 2012 ni mkoa mmoja wa Simiyu. Walakini habari zao hazisemwi sana, kwa kuwa jirani akiwatazama husema, "Huyu ana bahati, mguu wake upo." Tena daktari akiisha kutoa nyuzi na kumruhusu mgonjwa arudi kwake, watu wa nyumbani hushangilia, wakidhani ya kuwa kazi imekwisha.

Sivyo, ndugu. Kufunga kwa jeraha ni mlango tu wa kuingilia kazi. Mguu uliopunguka hauna budi kufundishwa upya, kama mtoto afundishwavyo hatua zake za kwanza. Nao hufundishwa nyumbani, siku kwa siku, na watu wa nyumba ile. Usipofundishwa, mara nyingi hurudi tena hospitali, na safari hiyo hukatwa juu zaidi.

Sababu za kukatwa

Sababu ni nyingi, nasi tutazipitia upesi. Wako waliogongwa na pikipiki, na wako waliojeruhiwa na plau ya ng'ombe. Wako walioumwa na nyoka, hasa kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Sumu yake huua nyama ya mguu hata ikaoza. Hapa tuseme neno moja la kuonya: mtu akiumwa na nyoka, msimfunge kamba ya kukaza, wala msimchanje kwa wembe. Kamba ile huzuia damu, nao mguu ambao ungepona hufa kwa ajili ya kamba. Mtulizeni, asitembee, mchukueni upesi hospitali.

Tena wako wenye ukoma wa zamani, na siku hizi wako wengi wenye kisukari. Magonjwa haya mawili yana tabia moja ya hila: huua hisia ya mguu. Mtu hukanyaga mwiba asijue, huota moto akaungua asijue, na kiatu humchubua kutwa asisikie neno. Maumivu ni mlinzi wa nyumba. Mlinzi akilala, mwizi huingia apendavyo.

Jambo hili lilionwa vizuri na daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyeanza kazi katika hospitali ya Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946. Watu walidhani ya kuwa ukoma wenyewe hula vidole. Yeye akachunguza, akaona ya kuwa vidonda vingi vya wagonjwa vyatokana na kazi, moto, misumari na viatu, kwa sababu hawasikii maumivu. Hata panya waliwatafuna wagonjwa usiku wasiamke. Basi wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao. Msicheke, kwa maana jambo hilo si la mbali. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyefanya kazi miaka mingi na wenye kisukari, aliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa mji ule walioumwa na panya nyayoni usingizini. Huyu pamoja na wenzake waliendesha mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kutunza miguu ya wenye kisukari mapema. Palipofundishwa vizuri, watu waliokatwa walipungua. Basi ikiwa mafundisho yaweza kuokoa mguu usiokatwa bado, hayashindwi kuusaidia ule uliokwisha kupunguka.

Mguu hufanyaje kazi

Katika kila mguu, toka kifundo kushuka, mna mifupa 26. Tutembeapo, kisigino hutangulia kugusa nchi, kisha wayo hulala, na mwisho vidole, hasa kidole gumba, huusukuma mwili mbele. Aliyekatwa vidole amepoteza msukumo ule. Hatua yake huwa fupi upande mmoja, nao mwili huyumba. Tena uzito uliokuwa ukichukuliwa na wayo mzima sasa huangukia kipande kidogo, hasa ile ncha ya kigutu.

Liko jambo la pili, nalo halijulikani na wengi. Nyuma ya kisigino kuna kano kubwa inayotoka kwenye shavu la mguu. Hiyo huvuta kisigino juu. Mbele ziko kano ndogo zinazovuta wayo juu. Ni kama watu wanaovutana kwa kamba. Daktari akikata katikati ya wayo, upande wa mbele hupungukiwa nguvu, bali ule wa nyuma hubaki na nguvu zake zote. Basi mgonjwa akilala majuma mengi pasipo kunyoosha kifundo, kisigino hupanda, nayo ncha ya kigutu hutazama chini. Siku atakaposimama, atasimama juu ya ncha ile, pale penye kovu, na kovu litapasuka. Ndiyo maana twasema ya kuwa mazoezi huanza kitandani.

Masomo ya nyumbani

Haya tuyaandikayo ni ya kumsaidia mgonjwa kumtii daktari wake na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wala si ya kuwapita. Kila mgonjwa awaulize, "Nianze lini kukanyaga?" na jibu lao ndilo sheria.

Somo la kwanza ni kungoja. Jeraha la kukatwa vidole vyote au nusu ya wayo kwa kawaida hutaka majuma 4 hadi 6 kabla ya kuchukua uzito, na kwa mwenye kisukari mara nyingi huzidi. Katika siku hizo mgonjwa atembee kwa magongo, na akiketi aweke mguu juu ya kigoda chenye mto, usivimbe. Asiweke mto chini ya goti kutwa nzima, maana goti nalo hujikunja likazoea. Asivute tumbaku, kwa kuwa moshi wake hubana mishipa ya damu, na jeraha hukosa chakula chake. Mwenye kisukari asiache dawa zake hata siku moja.

Somo la pili ni kunyoosha. Daktari akiruhusu, mgonjwa avute wayo kuelekea usoni pake, kisha aushushe, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kovu likiisha kukauka vema, achukue kanga, aipitishe chini ya wayo, ashike ncha zake mbili na kuvuta polepole hali goti limenyooka, akihesabu mpaka 30. Asivute kwa ghafula. Tena anyooshe goti na kuinua mguu mzima hewani, mmoja mmoja, kwa kuwa paja na nyonga ndizo zitakazofanya kazi iliyokuwa ya vidole. Kuketi kitini na kusimama pasipo kushika kwa mikono, kidogo kidogo, nako ni zoezi jema.

Somo la tatu ni kusimama. Asimame kati ya viti viwili vizito, au karibu na ukuta, mtu wa nyumbani akiwa kando. Ahamishe uzito toka mguu mzima kwenda mguu mgonjwa, kisha aurudishe. Ikiwa zahanati ina mizani ya kusimamia, aweke mguu mgonjwa juu ya mizani na mguu mzima juu ya tofali lenye kimo kile kile. Hapo ataona kwa macho yake kilo ngapi amezichukua, wala hatajidanganya. Juma hili kilo 10, juma lijalo 20, kama atakavyoagizwa. Mwenye ganzi hasa ataona faida, maana mguu wake hauwezi kumwambia kweli, bali mizani humwambia.

Somo la nne ni kutembea. Siku ya kwanza atembee dakika 5 tu, toka mlangoni hata jikoni na kurudi, juu ya uwanja uliofagiwa. Hatua ziwe fupi na sawasawa; mguu mzima usikimbilie mbele ukauacha mwenzake. Akiacha magongo mawili na kushika fimbo moja, fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hukosea hapa, wakiishika upande wa ugonjwa, na mwili ukainama. Penye kizingiti au ngazi wakumbuke neno hili: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza.

Akiisha kutembea, avue kiatu na kuutazama mguu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Basi mtu wa nyumbani auguse kwa mgongo wa kiganja, akiulinganisha na mguu wa pili. Kama pana joto pahali pamoja lisiloondoka baada ya nusu saa, au pana lengelenge, mwendo ulikuwa mwingi mno au kiatu hakifai. Apumzishe mguu, na kesho asizidishe. Kama hapana, aongeze dakika chache kila siku mbili tatu.

Habari za kiatu

Mtu aliyepunguka mguu asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kandambili hazifai kabisa: hushikwa kwa vidole ambavyo yeye hana, na kamba yake hukata. Wala asijaze matambara mbele ya kiatu cha kawaida, maana tambara hujikunja likawa fundo gumu, na fundo huchimba kidonda.

Kiatu kifaacho kina mambo matano. Kishike kisigino kwa nguvu, kisipwaye. Kifungwe kwa kamba au mkanda juu ya wayo. Ndani kiwe na sponji laini ya mpira, na mahali palipo tupu pajazwe kitu laini kilichokatwa kwa kipimo cha kigutu chenyewe. Soli iwe ngumu isikunjike, na upande wa mbele iinuke kidogo kama mbele ya mtumbwi, ili mguu ubiringike badala ya kusukuma. Tano, pasiwe na msumari hata mmoja. Kishonwe na kugandishwa kwa gundi. Fundi wetu wa makatambuga sokoni anayo matairi mazuri kwa soli ya chini, na akionyeshwa aweza kutengeneza kitu cha kufaa. Lakini makatambuga yake ya kawaida yana misumari, na msumari ukipenya katika wayo wenye ganzi, mwenyewe hataujua mpaka aone damu.

Heri zaidi ni kupimwa na fundi wa viungo bandia. Mafundi hao hufundishwa hapa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kilichoko KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho kimepokea wanafunzi toka nchi nyingi za Afrika. Mtu wa Simiyu na aanzie katika hospitali ya Somanda au hospitali ya rufaa ya mkoa, zote za Bariadi, aombe barua. Toka hapo aweza kupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Toka Bariadi hata Lamadi ni yapata kilometa 70 za lami, kisha barabara ya Mwanza. Safari ni ndefu na nauli ni fedha. Lakini safari ya kukatwa mara ya pili ni ndefu kuliko hiyo.

Msimu na mguu

Sasa twafika penye shida kubwa ya nyumba zetu. Mkoa huu ni wa pamba na ng'ombe. Mvua za Novemba zikinyesha, kila mtu yuko shambani, na baba aliyeketi kivulini huona haya. Husikia majirani wakiwaswaga maksai, humwona mkewe akishika plau pamoja na watoto, na moyo wake humchoma kuliko jeraha. Basi siku moja huamka mapema, hufunga mguu kwa kitambaa, huenda. Udongo wa mbuga ukilowa hunata kama gundi. Huvuta kiatu, huupinda mguu, na matuta hayana mahali pa kukanyaga sawasawa. Jioni kitambaa kina damu. Ameokoa siku moja ya kulima, amepoteza mguu.

Hatumlaumu. Aibu ni mzigo mzito, nao watu wa nyumbani wakinyamaza huongeza uzito wake. Kwa hiyo yafaa ukoo ukae mapema, kabla ya mvua, useme wazi: mwaka huu nani atashika plau? Shemeji atatoa siku ngapi? Kikundi cha kulimiana kitakuja lini? Naye baba apewe kazi iliyo kazi kweli, si ya kumtuliza: atengeneze mipini ya majembe, asuke kamba za ng'ombe, atunze hesabu ya mbegu na dawa, na wakati wa mavuno aketi kuchambua pamba safi na chafu, kazi ambayo bei ya pamba yote huitegemea. Mtu akiwa na kazi, huweza kungoja.

Na mama aliyekatwa je? Twaona mara nyingi ya kuwa yeye hahurumiwi hata mwezi mmoja. Hana kivuli cha kuketi. Maji yamo kisimani na kuni ziko porini. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 zinazoshuka zote katika kigutu. Asibebe kitu kichwani mpaka aweze kutembea vema pasipo fimbo. Na hilo halitawezekana mume na wana wasipochukua ndoo wenyewe. Mwanamume atekaye maji kwa ajili ya mguu wa mkewe hapunguki neno.

Upande wa pili wako wanaokosa kwa kuketi mno. Huogopa kuanguka, huogopa macho ya watu kwenye mnada, hata mwaka hupita nao wako ukutani. Misuli hunyauka, goti hukauka, kisukari huzidi. Huyu asibembelezwe abaki. Achukuliwe taratibu, leo hata kwa jirani, juma lijalo hata barabarani. Baiskeli nayo, akiruhusiwa, humfikisha mbali pasipo uzito mwingi mguuni. Ila akisimama ashushe mguu mzima, wala si mgonjwa.

Tena wengi hushangaa kusikia kidole kisichokuwepo kikiwasha au kuuma usiku. Huona hofu, hudhani ni uchawi, na wengine huuza ng'ombe kutafuta mganga. Jambo hili lajulikana duniani kote. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell aliliandika mwaka 1871 kwa habari za askari waliokatwa vitani. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado yapeleka habari katika ubongo. Kupapasa kigutu kwa mkono laini na kukitumia husaidia. Yakizidi, daktari anazo dawa.

Kwa walimu

Mtoto naye hupata msiba huu, kwa nyoka, kwa moto, kwa pikipiki. Mwalimu, mtoto huyu akirudi shuleni, mpe kiti karibu na mlango. Asiharakishwe mstarini asubuhi. Usimlazimishe kuvaa viatu vyeusi vya sare ikiwa kiatu chake cha tiba ni cha namna nyingine. Mguu wake ungali wakua, basi kila miezi michache mwambie mzazi akitazame kiatu kama kimembana. Usimwondoe katika kila mchezo, bali mtafutie autakaoweza. Na wenzake wakimwita "Kiguru," likomeshe jina hilo siku hiyo hiyo, kwa maana jina likizoeleka humfuata mtu mpaka uzeeni.

Kila jioni

Tunamaliza kwa desturi moja iliyo rahisi, nayo ni kubwa kuliko zote. Kila jioni, kabla ya kulala, miguu yote miwili ioshwe kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa na mkono wa mtu mwingine, ikaushwe, ipakwe mafuta, itazamwe chini na kando, kwa kioo au kwa macho ya mtoto. Mguu mzima utazamwe sawasawa na mgonjwa, maana sasa ndio unaochukua mzigo wa wawili. Kiatu kikung'utwe, mwiba na nge visije vikalala ndani. Mgonjwa asilale karibu na mafiga, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, panya asipate njia.

Kazi hii haitaki fedha, yataka robo saa na mtu mwenye subira. Katika nyumba yenu huyo ni nani? Mchagueni leo. Nanyi mkiisha kusoma, msomeeni jirani asiyejua kusoma, hasa yule ambaye mlango wake haujafunguliwa tangu aliporudi kutoka hospitali.